Geuza Sufuria, Utazame Chini

Haya ni maneno niliyosema mbele ya mkutano wa watumiaji wa majiko ya umeme. Wengi hawakuweza kufika, wakaomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka kinywani, na pale nilipokatizwa pia. Picha za ukutani nimeziruka.

Ndugu zangu, mama zangu, baba zangu, nanyi vijana mliojipanga karibu na mlango: hamjambo?

Mimi ni fundi wa majiko ya umeme. Nashinda mezani nikifungua majiko ya watu, kwa hiyo mnisamehe nikizungumza kifundi-fundi. Waandaaji wamenipa mada ndefu: namna ya kulinda jiko la indaksheni lisikwaruzike na lisiharibiwe na joto. Mimi nina jambo moja tu la kusema, na nitalirudia mpaka mchoke nalo.

Kwanza swali. Ni nani hapa alinunua jiko hili kwa sababu aliambiwa halina moto? Inueni mikono, msione haya. Naam, karibu nusu ya ukumbi. Na ni nani ambaye kioo cha jiko lake kina mikwaruzo, au doa lisilotoka, au kishimo? Mnaona? Mikono ni ileile.

Basi nianze na gazeti.

Katikati ya miaka ya 1950, Frigidaire, kampuni ya vifaa vya nyumbani ambayo wakati huo ilikuwa tawi la General Motors, wale watengeneza magari, ilizungusha maonyesho yake Amerika Kaskazini. Miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa ni jiko la indaksheni. Juu ya jiko waliweka gazeti, na juu ya gazeti sufuria ya maji. Maji yakapata moto, gazeti likabaki zima. Onyesho la namna hiyo hata leo linawashangaza watu, na wauzaji wengi wanalipenda.

Siri yake ni nini? Chini ya kioo kuna koili ya waya wa shaba. Umeme unaopita humo unageuza mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde moja. Nguvu ya sumaku inayotokana nao inavuka kioo, inaingia kwenye kitako cha sufuria, na kitako chenyewe ndicho kinachozaa joto. Jiko halina moto, ni kweli. Moto uko kwenye sufuria. Kioo kinachoma kwa sababu sufuria iliyokaa juu yake imekipasha.

Lakini lile gazeti lilikuwa na msaidizi ambaye watazamaji huwa hawamhesabu. Maji! Sufuria yenye maji haipandi mbali na digrii 100, na karatasi inahitaji zaidi ya digrii 200 ndipo ishike moto. Mwaga maji yale, weka mafuta, washa jiko mpaka mwisho, kisha uje uniambie gazeti limebaki zima. Hutakuja kuniambia. Utakuwa unatafuta pa kukimbilia.

Sasa ndilo jambo langu, lishikeni: karibu kila baya linalokipata kioo hiki linatoka kwenye sufuria, au kwenye kitu kilichojificha chini ya sufuria. Kikulacho ki nguoni mwako. Tunasugua kioo, tunakipangusa, tunakinunulia dawa, halafu tunakiwekea juu kitu ambacho hatujawahi kukigeuza tukakiona kitako. Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kupika: geuza sufuria, utazame chini.

Tulielewe kwanza bamba lenyewe. Wengi hudhani ni kioo cha dirisha kilichonenepeshwa. Sivyo. Mwaka 1953, katika maabara ya kampuni ya Corning kule Marekani, mkemia aitwaye Donald Stookey aliingiza kipande cha kioo kwenye tanuri akikusudia kukipasha mpaka digrii 600. Kidhibiti cha tanuri kikaenda kombo, joto likapanda mpaka 900. Alipoenda kufungua alitarajia kukuta kioo kimeyeyuka na tanuri limeharibika. Akakuta kipande kina umbo lake lilelile, ila kimekuwa cheupe pe. Akakitoa kwa koleo, kikamponyoka, kikaanguka sakafuni. Hakikuvunjika! Lile joto la bahati mbaya lilikuwa limeotesha ndani ya kioo fuwele ndogo mno zisizohesabika. Hapo ndipo kilipozaliwa kioo-seramiki. Mwaka 1971 kampuni ya Schott ya Ujerumani ikaleta bamba la aina hiyo kwa ajili ya majiko, likaitwa CERAN, na lile bamba jeusi mnalolijua leo ni la ukoo huo.

Sifa yake kubwa ni kwamba likipata joto karibu halitanuki kabisa. Bilauri ya kawaida ukiitia maji yanayochemka ghafla hupasuka, kwa sababu upande wa ndani umetanuka na wa nje bado umelala. Bamba hili halina ugomvi huo. Duara moja laweza kuwa la moto kabisa na la jirani yake likawa baridi, na wala lisitoe mlio. Ndiyo maana fundi yeyote mzoefu anapoletewa jiko lililopasuka hatafuti joto kwanza. Anatafuta alama ya pigo.

Sasa mkisikia hivyo mnaweza kudhani kwamba nimemaliza, joto halina madhara, twende nyumbani. Ngojeni. Joto peke yake ni nadra kuliua bamba hili. Joto likishirikiana na mwingine, hapo ndipo kuna maneno.

Tuanze na mikwaruzo.

Nililetewa jiko moja na mama wa makamo. Alikuja akiwa na hasira, tena ya haki, maana jiko lilikuwa na miezi michache tu. Lawama zote alikuwa amezitupa kwenye sufuria mpya ya chuma kizito cha kusubu. Nikawasha taa ya mezani, nikalilaza bamba pembeni ya mwanga. Ninyi pia fanyeni hivyo: usitazame mikwaruzo kutoka juu, lalisha tochi iwe karibu sawa na kioo, utaona hata ambayo hukujua unayo. Nikaona mistari myembamba, yote imepinda kama mwezi mchanga, yote iko kwenye duara moja, na yote inaelekea upande wa kulia. Nikamuuliza, "Mama, unapopakua huwa unaivuta sufuria kuja kwako kwa mkono wa kulia?" Akaniangalia kana kwamba nimepiga ramli.

Wala haikuwa ramli. Mikwaruzo huandika jinsi mkono wako unavyokwenda.

Nikamwomba alete ile sufuria. Nikaigeuza. Kitako kilikuwa safi kabisa! Nikapitisha kiganja, kikawa laini. Basi ni nani aliyeandika ile miezi? Tukazungumza taratibu, mpaka akaniambia sinki iko kando ya jiko, na mboga za majani anaziosha hapohapo. Akimaliza kuziosha anazinyanyua zikiwa zinachuruzika, anazivusha juu ya jiko mpaka kwenye ubao wa kukatia. Maji yanadondoka kwenye kioo. Maji yanakauka. Na kilichokuwa ndani ya maji?

Mchanga. Sauti zaidi! Mchanga!

Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, mwaka 1812 alipanga madini kwa ugumu, kuanzia 1 mpaka 10. Sheria yake ni nyepesi: kigumu zaidi humkwaruza mwenzake. Ulanga, ule unaosagwa ukawa poda, uko 1. Almasi iko 10. Mchanga wa kawaida kwa sehemu kubwa ni madini yaitwayo kwatzi, nayo iko 7. Bamba la jiko lako liko chini ya hapo. Alumini haifiki hata 3. Mnaelewa maana yake? Sufuria ya alumini au ya chuma laini haina ubavu wa kukikwaruza kioo hiki. Chembe moja ya mchanga inao. Sufuria inatia uzito na mkono unatia mwendo, lakini kalamu ni ile chembe.

Kwa hiyo mnaponiuliza, kama mlivyouliza mlangoni, "Fundi, je, chuma cha kusubu kinaruhusiwa?", jibu langu ni ndiyo, tena kinashika sumaku vizuri sana. Lakini kigeuze kwanza. Vingine vinatoka kiwandani na kitako chenye vipele na kingo za ukali. Pitisha kiganja. Kama kinakukwangua wewe, kitakwangua na jiko. Na ukishakiweka, usikivute. Kinyanyue. Anayependa kutikisa kikaango huku na huku, na akinyanyue basi wakati wa kukitikisa.

Sasa niwape habari njema, maana mnaanza kununa. Mistari mingi mnayoiona kwenye majiko yenu si mikwaruzo. Narudia, si mikwaruzo. Ile mistari ya kijivu inayong'aa kidogo, kama imechorwa kwa penseli, ni madini ya sufuria yaliyobaki juu ya kioo. Alumini ni laini, kioo ni kigumu, kwa hiyo kilichokwaruzika ni sufuria, na unga wake ndio umebaki pale. Namna ya kutofautisha ni ukucha. Pitisha ukucha ukikata mstari. Ukikwama, huo ni mkwaruzo, na hautoki maisha. Ukiteleza bila kuhisi kitu, kuna matumaini makubwa kwamba hiyo ni alama tu, na inatoka kwa dawa ya maji mazito ya kusafishia vioo vya majiko, kitambaa laini na subira. Wanaosema dawa ya meno inaponya mikwaruzo, wengi wao walikuwa na alama tangu mwanzo. Waliisugua alama ikatoka, wakaisifu dawa ya meno. Mkwaruzo wenyewe hauzibwi na dawa ya meno.

Na kwa kuwa tumegusa usafi: ile sponji yenye upande wa kijani. Ee, mnacheka. Nyingi zina chembe za alumini oksidi, ambayo kwenye ngazi ya Mohs iko 9. Mchanga uko 7, hii 9! Mtu anaogopa sufuria nzito, halafu kila jioni anasugua kioo kwa kitu kigumu kuliko mchanga. Upande wa njano utumie. Upande wa kijani upeleke kwingine, na ule waya wa kusugulia usiukaribishe kabisa.

Nikija kwenye sukari itanibidi nijitaje mwenyewe.

Siku moja nyumbani nilikuwa napika shira, sukari na maji. Simu ikaita, nikaipokea, mtaalamu mimi. Niliporudi shira ilikuwa imefura, imemwagika, imezunguka kitako cha sufuria kama koti. Nikazima jiko. Nikatoa sufuria. Nikajiambia, acha ipoe, nitakwangua asubuhi. Mimi, ninayewafundisha wengine! Ngoja ngoja huumiza matumbo, na ile ngoja yangu iliumiza kioo.

Usiku jikoni kulikuwa kimya, nikasikia mlio mdogo. Tik. Baada ya muda, tik tena. Nikadhani ni bomba. Asubuhi nilikuta ile sukari imejipasua yenyewe vipande vipande, mingine imesimama kingo juu. Nikaibandua moja kwa kidole, ikatoka kirahisi mno. Nikaigeuza kwenye mwanga. Chini yake palikuwa na kipande chembamba cha kioo, kinang'aa, hakizidi ukucha wa kidole kidogo. Na kwenye jiko pamebaki kishimo chenye umbo lilelile. Mpaka leo nikipangusa pale kidole gumba kinakijua.

Kwa nini? Sukari iliyoyeyuka inakamata kioo kama gundi. Inapopoa inajikunja. Kioo, nimewaambia, hakitanuki wala hakijikunji. Mmoja anavuta, mwingine hatoki mahali pake, na hawaachani. Basi kinachoshindwa ni ngozi ya kioo. Inameguka.

Ndiyo maana sukari ni tofauti na uchafu mwingine wote. Maziwa yakimwagika, acha jiko lipoe, uloweke, upanguse, hakuna haraka. Mafuta hivyo hivyo. Madoa meupe ya chumvichumvi ya maji yanatolewa kwa siki, kioo kikiwa baridi. Lakini sukari, shira, jemu, chochote chenye sukari nyingi: usingoje. Zima jiko, ondoa sufuria, chukua kikwangulio cha wembe, ukilaze karibu sawa na kioo, usukume sukari kutoka pale penye moto kwenda pembeni penye baridi ingali laini. Vaa glavu ya jikoni. Sukari ya moto inaunguza vibaya na hainawiki upesi kama maji. Kama kuna mtoto karibu, mtoe kwanza, kioo baadaye. Na wembe uwe mpya, usio na kutu wala pengo. Wembe wenye kutu ni mchanga mwingine.

Plastiki ichukulieni kama sukari. Na foili ya alumini msiiweke kabisa juu ya jiko hili, wala kuzungushia kitako cha sufuria. Ni nyembamba, nguvu ya jiko inaipasha upesi kupita kiasi, na inaweza kuyeyuka ikashikamana na kioo. Nimeona moja tu, na ilinitosha.

Baba aliye pale kati ameinua mkono muda mrefu. Karibu, mzee wangu, shikamoo.

Anauliza: je, vipi kuhusu mkeka wa silikoni? Ule wa kutandika kati ya sufuria na kioo. Ahsante, mzee. Hilo ndilo swali linaloniletea kazi nyingi kuliko yote.

Mkeka una mantiki. Sumaku inaupenya, sufuria inapata moto, kioo hakiguswi. Ni gazeti lile la miaka ya 1950 limerudi kwa jina jipya. Na kama unachemsha maji, au unapika kitu chenye mchuzi mwingi kwa moto wa wastani, mkeka mzuri unafanya kazi yake. Sitawadanganya kwa kusema haufanyi. Lakini watengenezaji wengi wa majiko wanasema msiweke chochote pale, na sababu yao si uchoyo.

Chini ya kioo, katikati ya koili, kuna kihisi joto. Kadude kadogo tu, kamebanwa kwenye kioo kwa chini. Chenyewe hakiioni sufuria. Kinahisi joto la kioo, na kutokana na hilo jiko linajua kama sufuria imezidi. Sufuria ikizidi joto, kioo kinapata habari, kihisi kinapata habari, jiko linapunguza nguvu. Sasa ukiweka mkeka katikati umefanya nini? Umemziba mlinzi macho. Habari inachelewa. Mkeka mnene unaichelewesha zaidi.

Kijana mmoja alikuja kwangu na kikaango kilichoganda kwenye mkeka, na mkeka ulioganda kwenye kioo, vyote vitatu kitu kimoja, kama sandwichi. Alikuwa ameweka mafuta kidogo, akawasha nguvu ya mwisho, akageuka kukata kitunguu. Tufanye hesabu. Kikaango cha chuma cha kilo moja na nusu, jiko la wati 2,000, yaani linatoa jouli 2,000 za nishati kila sekunde. Chuma kinahitaji takribani jouli 500 kupandisha kilo moja kwa digrii moja. Kwa hiyo kikaango hicho kinapanda zaidi ya digrii mbili kila sekunde. Hata tukitoa joto linalopotea hewani, ndani ya dakika mbili kinaweza kupita digrii 250. Mikeka mingi ya silikoni imeandikwa digrii 230 au karibu na hapo. Kitunguu hukikata kwa muda gani wewe? Pamoja na machozi?

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ni hili. Mkeka kwa maji, sawa, ukiwa umesimama hapo. Mkeka kwa kukaanga, hapana. Mkeka na ile nguvu ya ziada, ile inayoitwa busti, hapana kabisa. Na ukiutumia, uuoshe pande zote mbili, maana mchanga ukiingia chini ya mkeka umeufungia ndani pamoja na kioo. Utasugua kioo chako mwaka mzima ukidhani unakilinda. Karatasi ya kuokea iko kwenye kundi hilohilo, ila yenyewe inashika moto.

Busti nayo niitolee neno. Msiweke sufuria tupu, wala baridi sana, mkaipiga busti. Kitako kinapanda joto ghafla kabla ya kuta zake, kinapinda. Kikishapinda kinabaki kama mgongo wa kobe: kinagusa kioo sehemu moja, kinazunguka ukikigusa, na kila kikizunguka kinasaga kilicho chini yake. Anzeni na wastani, dakika moja, kisha pandisheni. Mnataka kujua kama sufuria yenu imepinda? Iwekeni juu ya meza iliyonyooka, muisukume ukingoni. Ikicheza, imepinda.

Na lile sahani la chuma linalouzwa ili sufuria zisizoshika sumaku zitumike? Mnalijua. Linageuza jiko lenu kuwa lile jiko la zamani ambalo koili yenyewe ndiyo inapata moto: sahani lenyewe linakuwa la moto sana, limelala juu ya kioo na juu ya kihisi, na joto linashuka chini kwenye elektroniki. Mimi silipendi. Sufuria isiyonasa sumaku, mpe mwenye jiko la gesi.

Nimesema elektroniki, na hapa nitapita haraka kwa sababu mnaona saa. Kuna joto la juu, na kuna joto la tumboni. Ndani ya jiko kuna bodi, ina transista zinazowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, nazo zinapata moto. Kuna feni ya kuzipoza. Feni hiyo inataka hewa. Majiko madogo ya mezani huvutia hewa chini: ukiliweka juu ya kitambaa cha meza, kitambaa kinanyonywa, tundu linazibwa. Ukilisukuma mpaka ukutani, hewa ya moto inarudi ilikotoka. Yaliyojengewa juu ya kabati, msijaze droo ya chini mpaka juu. Na ukimaliza kupika utasikia feni inaendelea kuvuma. Usichomoe soketi! Iache imalize. Inapoza bodi, na bodi ni ghali kuliko subira yako ya dakika chache. Vilevile usiegeshe sufuria ya moto juu ya vitufe vya kugusa. Pale chini pana vihisi vingine, na joto linavisumbua.

La mwisho ni pigo. Bamba hili kwa kawaida lina unene wa takriban milimita 4. Uzito uliotulia, mpana, linaubeba bila shida. Lisichokipenda ni ncha. Mpini wa kisu, ukingo wa kifuniko, chupa ndogo ya viungo iliyoanguka kutoka rafu ya juu. Chupa ndogo! Katika majiko yaliyopasuka ambayo nimeyafungua, sikumbuki hata moja lililopasuliwa na sufuria kubwa iliyowekwa vibaya. Nakumbuka chupa tatu. Kwa hiyo tazameni kilicho juu ya jiko, rafu au kabati, mkihamishe kiende kando.

Na likipasuka, hata ufa mwembamba kama unywele? Methali yetu yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kioo hiki methali haisaidii, kwa sababu ufa wake hauzibiki. Usibandike gundi, usibandike stika, usiseme nitatumia duara la upande wa pili. Zima kwenye swichi ya ukutani au swichi kuu, usizime kwenye vitufe vya jiko peke yake. Chini ya ule ufa kuna umeme, na maji ya sufuria yanajua njia. Subiri bamba libadilishwe.

Sasa, niliomba kwenye mwaliko kila mmoja aje na sufuria moja anayoitumia kila siku, na isioshwe kwa ajili yangu. Naona wengine mmeziosha. Haya, tuanze na dada wa mstari wa kwanza, mwenye kikaango chenye mpini mwekundu. Kilete hapa mezani. Msimamizi, nizimie taa za ukumbi, uniachie tochi tu. Dada, kigeuze mwenyewe. Pitisha kiganja polepole kuanzia katikati kwenda nje, halafu utuambie kidole chako kimekutana na nini.